Chumba cha samaki kinatoa jasho ukutani: nifunike matangi, niweke feni, au ninunue mashine ya kukausha hewa?

#1 SatoMpole (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nimetenga chumba kimoja nyumbani kiwe cha samaki tu. Ni mita 3 kwa 4, dari mita 2.5. Nina rafu mbili za chuma, matangi kumi ya sentimita 90 kwa 40, yote wazi juu maana nalisha mara kwa mara na sipendi kuhangaika na vifuniko. Maji nayaweka nyuzi 26, kila tangi na hita yake. Filta ni spongi tupu, zote zinaendeshwa na pampu moja ya hewa.

Sasa asubuhi dirisha linachuruzika maji, kona ya nyuma ya rafu imeota madoa meusi, na kipima unyevu kinasoma 78%. Mmoja ananiambia funika, mwingine feni, mwingine mashine ya kukausha hewa. Mimi naona hiyo mashine ni kuchoma umeme bure: yenyewe inakausha, matangi yanarudisha. Nibishieni.

#2 BibiGapi
Funika matangi, mwanangu. Uzi ufungwe.

#3 MchunguMlangoni
Nimekaa pale nasubiri wataalamu. Na mimi ukuta wangu unalia.

#4 FundiBaridi
Mleta mada, usinunue kitu kabla hujapima. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, usiongeze maji, kesho saa hiyohiyo angalia yameshuka kiasi gani. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, haina ubishi. Matangi yako kumi yana uso wa mita za mraba 3.6. Yakishuka milimita 3, umerusha hewani karibu lita 11 kwa siku.

Sasa angalia hewa yenyewe. Chumba chako ni mita za ujazo 30. Hewa ya nyuzi 25 ikishiba kabisa inabeba takriban gramu 23 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Chumba kizima hakifikishi hata lita moja. Hizo nyingine kumi ndizo unazoziona dirishani na ukutani.

#5 SpongiMoja
#4 hesabu nzuri ila umemtisha bure. Nyingi hazigandi ukutani, zinapenya kwenye nyufa za mlango na dirisha. Zingekuwa ukutani zote, sasa hivi angekuwa analala ndani ya tangi la kumi na moja.

#6 FundiBaridi
Sawa, zinapenya. Zinaingia wapi? Kabati la nguo la chumba cha pili. Asubiri.

#7 BibiGapi
Nieleze basi, naona "uzi ufungwe" haikutosha.

Maji hayavukizi bure. Kila lita inayopotea inaondoka na joto la karibu uniti 0.68 za umeme. Lita 11 ni uniti saba na nusu kwa siku. Sehemu ya joto hilo inatoka kwenye hewa ya chumba, lakini kubwa linatoka kwenye maji, na maji yanapashwa na hita zako. Kwa hiyo tangi wazi linakutoza mara mbili: unalipia kulipasha, halafu unalipia kukausha ilichorusha. Kifuniko kinapunguza vyote viwili na hakina plagi.

Kata kioo, au shiti ya polikaboneti yenye mifereji ndani. Ile ni nyepesi na inashika joto kuliko kioo. Acha kijipengo cha mpira wa hewa na cha kulishia. Chini yake patajaa matone na mwani, unafuta, maisha yanaendelea.

#8 KambareMbishi
Mnafunika samaki kama maiti. Hewa itaingia wapi? Oksijeni inaingilia juu ya maji, kila mtu anajua hilo.

#9 SpongiMoja
@KambareMbishi jamaa kasema ana pampu ya hewa. Kila spongi inasukuma hewa mpya chini ya kifuniko usiku na mchana, ya zamani inatokea kwenye vipengo. Anayekosa hewa hapo ni wewe unayeandika bila kusoma #1.

Na kuna samaki wanaokitaka kabisa hicho kifuniko. Beta na gurami wanapanda juu kuvuta hewa moja kwa moja. Vifaranga wao, kiungo chao cha kupumulia kikiwa kinaumbika, wanahitaji hewa ya juu iwe na joto na unyevu. Ukiwaacha wazi kwenye chumba chenye hewa ya baridi unawapoteza.

#10 KambareMbishi
Nimesoma. Nilikuwa nachangamsha uzi.

#11 NjeKwaNje
Mimi ni wa feni. Feni ya kutoa hewa ukutani juu, kinachoiwasha na kuizima ni kipima unyevu: ikivuka 65% inawaka, ikishuka inazima. Hewa mbichi inaingilia chini ya mlango. Faida ambayo hakuna aliyeigusa: feni inapovuta, chumba cha samaki kinakuwa na mgandamizo mdogo kuliko nyumba nzima, kwa hiyo unyevu hauendi kwenye lile kabati la #6. Mashine ya kukausha haikupi hilo.

#12 JashoLaMwaka
#11 hiyo ni kwa mliobarikiwa na hewa kavu. Mimi naishi penye joto na unyevu mwaka mzima. Nikiwasha feni kipimo kinapanda, hakishuki.

#13 FundiBaridi
Wote mko sahihi, na ndiyo maana asilimia peke yake inapotosha watu. Usilinganishe asilimia ya ndani na ya nje, linganisha gramu.

Ndani: nyuzi 25, unyevu 60%, ni kama gramu 14 kwa mita ya ujazo.
Nje kwa @NjeKwaNje, tuseme nyuzi 10 na 80%: gramu 7 na nusu hivi. Kila mita ya ujazo inayotoka inaondoka na gramu 6 za ziada. Kuondoa lita 10 kwa siku unahitaji mita za ujazo 65 au 70 hivi kwa saa, feni ndogo tu ya bafuni inaweza.
Nje kwa @JashoLaMwaka, nyuzi 28 na 80%: karibu gramu 22. Huyo kila feni ikizunguka anajiletea maji nyumbani.

Asilimia ni ileile 80, ila mmoja anakausha na mwingine analowesha.

#14 NjeKwaNje
Umenena. Ila ongeza na upande wangu mbaya: hiyo hewa ya nyuzi 10 inayoingia lazima ipashwe mpaka 25. Msimu wa baridi hita zangu hazipumui. Kuna vile vifaa ambavyo hewa inayotoka inapashia inayoingia bila kuchanganyika, wanaofuga kwa wingi wanavisifia. Sijavigusa.

#15 MamaGurami
Samahani naingilia. Kwa nini kila mtu anapasha maji? Mimi napasha chumba. Hita moja ya chumba, themostati moja, hakuna waya kumi majini, hakuna hita inayokwama ikiwa imewaka ikapika tangi zima. Na tangu nipashe chumba dirisha halitoi jasho.

#16 KambareMbishi
Dada, hewa ya moto inakunywa maji zaidi. Umeongeza mvuke, hujaupunguza. Asilimia ndiyo imeshuka kwa sababu umeikuza hewa.

#17 MamaGurami
Dirisha langu halijui hesabu zako, kaka. Liko kavu.

#18 SpongiMoja
Kwa mara ya kwanza @KambareMbishi ana nusu ya hoja. Kinachosukuma maji yavukize ni tofauti kati ya mvuke ulioshiba pale juu ya maji na mvuke uliomo hewani. Ukipasha hewa tu na maji yakabaki nyuzi zilezile, tofauti hiyo haibadiliki sana, ila asilimia inashuka na kuta zinapata joto, kwa hiyo jasho linapungua. Ukipasha chumba mpaka maji nayo yakapanda, hapo uvukizi unaongezeka.

Mabwawa ya kuogelea ya ndani yanaendeshwa hivyo: hewa nyuzi 1 au 2 juu ya maji, unyevu kati ya 50 na 60%. Hakuna kifuniko pale mchana kutwa, watu wanaogelea, na jengo halinyeshewi ndani. Kwa hiyo MamaGurami hajakosea hata kama sababu zake hazijulikani.

#19 MamaGurami
Sababu zangu ni kwamba inafanya kazi. 😄

Ila niwaambie ukweli wa njia hii: rafu ya juu inakuwa na joto kuliko ya chini, nyuzi kadhaa. Mimi nimeigeuza kuwa faida. Diskasi wako juu kabisa, gapi katikati, wale wa maji ya baridi chini karibu na sakafu. Mwenye aina moja ya samaki atalalamika, au aweke feni ndogo ya kuchanganya hewa.

#20 RangiMbili
Wakuu, mnaongelea hewa, mimi naongelea ukuta. Jamaa ana madoa nyuma ya rafu tu, si chumba kizima. Hewa ya nyuzi 25 yenye 60% mvuke wake unaanza kuganda kuwa matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 17 au chini. Ikifika 80% inaganda kwenye nyuzi 21. Ukuta wa nje uliofichwa nyuma ya rafu, hewa haipiti, usiku unapoa, hapo lazima. Ukungu wenyewe hausubiri hata matone, uso wa ukuta ukikaa na unyevu wa 80% kwa muda unatosha.

Sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani. Weka feni ndogo ipulize nyuma. Ukiweza bandika mbao za foamu ukutani. Gharama yake haifiki nusu ya mashine.

#21 NjeKwaNje
Foamu bila shiti ya plastiki mbele yake ni kuficha tatizo. Mvuke utapita kwenye viungo ukagande nyuma ya foamu usikouona.

#22 JashoLaMwaka
Na ukiweka plastiki hiyo ndani kama mimi, nyumba ya joto yenye kiyoyozi, mvuke unatoka nje kuja ndani, unagonga plastiki kutoka upande wa pili na kuozesha ukuta wote. Plastiki inakaa upande wenye joto na unyevu zaidi, na upande huo si uleule kwa kila nyumba.

#23 NjeKwaNje
Mkuu, chumba cha samaki kina unyevu kuliko nje karibu kila mahali. Ndani ndiyo upande wa mvuke.

#24 JashoLaMwaka
"Karibu." Njoo kwangu msimu wa mvua.

#25 RangiMbili
Haya mabishano ya plastiki hayajawahi kuisha popote. Kilicho hakika: usiweke pande zote mbili, maji yakiingia katikati hayana pa kutokea.

#26 MzeeWaBomba
Salaam. Mmemhukumu samaki kabla ya kusikiliza shahidi. Kona yenye madoa iko chini au juu? Kama ni chini, yaweza kuwa maji ya ardhini yanapanda kwenye ukuta, au bomba linavuja ndani, na matangi yanasingiziwa. Fanya hivi: kata plastiki ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, iache siku mbili tatu. Maji yakiwa upande wako, ni hewa ya chumba. Yakiwa nyuma ya plastiki, ni ukuta wenyewe, na hata ukifunika matangi yote kwa zege haitasaidia.

Na usipake rangi juu ya ukungu. Unarudi.

#27 BibiGapi
Nakubaliana na mzee. Naongeza: usimwage dawa ya kuulia ukungu yenye klorini humo ndani bila kufungua dirisha na kuzima pampu ya hewa. Pampu inavuta hewa ya chumba na kuipuliza ndani ya maji. Na kamwe usiichanganye na siki wala amonia.

#28 SatoMpole (mleta mada)
Jamani mmenipa kazi ya wiki. Nimepima utepe: matangi ya rafu ya chini yameshuka milimita 2, ya juu yamekaribia 4. Madoa yako chini kwenye kona, mzee kanitia wasiwasi, plastiki nimeshabandika.

Swali: mbona hakuna anayetetea mashine? Nilikuja kuishambulia, naona nimebaki peke yangu uwanjani.

#29 JashoLaMwaka
Mimi naitetea, sina njia nyingine. Lakini ujue unanunua nini. Ya kompresa inafanya kazi vizuri kwenye joto, chini ya nyuzi 15 inaanza kuganda barafu na kusuasua. Ya kemikali inayozunguka ikifyonza unyevu inavumilia baridi lakini inakula umeme zaidi. Zile "lita 20 kwa siku" za kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu 80%. Kwenye chumba cha nyuzi 22 na 60% utapata chini ya nusu.

Halafu joto. Kila lita inayodaka inarudisha chumbani zile uniti 0.68 za #7, pamoja na umeme wake yenyewe. Penye baridi ni zawadi, hita zinapumzika. Kwangu ni adhabu, kwa hiyo mashine yangu ni kiyoyozi, nacho kinakausha hewa ila joto kinalitupa nje.

#30 SpongiMoja
Kwa maana hiyo #1 alikosea kuiita kuchoma umeme bure. Mwenye baridi, mashine inamlipa sehemu kwa njia ya joto.

#31 BibiGapi
Inamlipa alichokuwa hana sababu ya kupoteza. Funika.

#32 MchunguMlangoni
Swali la mwanafunzi: yale maji ya kwenye ndoo ya mashine si ni safi kama ya mvua? Naweza kuyarudisha kwenye tangi?

#33 FundiBaridi
Hayana madini, hilo kweli. Lakini yamepita juu ya koili za shaba au alumini, yamekusanya vumbi la chumba na yamelala kwenye ndoo isiyooshwa. Shaba kidogo tu inaua kamba na konokono. Mwagia maua.

#34 KambareMbishi
Mimi naweka na samaki hawajafa.

#35 SpongiMoja
Wewe samaki wako ni kambare. Kambare hafi hata umtukane.

#36 BibiGapi
Tukiwa hapohapo kwenye kujazia: mvuke unaondoka na maji, madini yanabaki. Ukijazia kila siku kwa maji magumu ya bomba, ugumu unapanda polepole mpaka unashangaa kwa nini tetra hawatagi. Jazia kwa maji laini, na kujazia hakuhesabiwi kuwa kubadilisha maji. Wenye sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaweza kupuuza hili kwa muda, wale wanapenda maji magumu.

#37 FundiBaridi
@SatoMpole hicho kipima unyevu ni cha bei rahisi? Vingi vinadanganya. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe uji mzito, usiiyeyushe yote. Ifungie pamoja na kipima kwenye chombo kisichopitisha hewa, kesho yake soma. Lazima kiwe 75%.

#38 SatoMpole (mleta mada)
Nimefanya. Kinasoma 69.

#39 MchunguMlangoni
Kumbe ile 78 yako ni 84! Chumba kile si cha samaki tena, ni cha vyura.

#40 MzeeWaBomba
Vyura hawakai kwenye ekstensheni zilizolala sakafuni, wana akili. Mleta mada, hujasema umeme umeupangaje. Soketi ziwe juu ya usawa wa matangi au pembeni kabisa, waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, tone likiteleza lidondokee sakafuni. Na mzunguko wote upite kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Unyevu wa 84% na hita kumi, hili lilipaswa kuwa swali la kwanza.

#41 RangiMbili
Na rafu za chuma? Kwenye 84% hizo zina kutu tayari, angalia pale kwenye viungo chini ya tangi. Sentimita 90 kwa 40, kina cha 40 tuseme, ni karibu kilo 140 za maji peke yake kila tangi.

#42 SatoMpole (mleta mada)
Umeme uko juu, swichi ipo. Kutu ipo kidogo, nitakwangua na kupaka rangi.

Taarifa: plastiki ina matone upande wangu, nyuma kukavu. Kwa hiyo mzee, ukuta umeachiwa huru, samaki wana kesi. Nimefunika rafu moja kwa polikaboneti, nyingine nimeiacha wazi nilinganishe. Iliyofunikwa inashuka chini ya milimita 1. Kipimo cha chumba, nikishajumlisha kosa lake, kiko 71. Nadhani nikifunika na ya pili sihitaji kitu kingine.

#43 BibiGapi
Asante kwa mrejesho. Sisemi kitu.

#44 NjeKwaNje
71 bado juu, na umelinganisha katika wiki gani? Hali ya hewa ya nje ikibadilika namba zako zote zinahama. Feni bado utaihitaji.

#45 MamaGurami
Rafu uliyofunika ni ipi, ya ukuta wa nje au ya ndani? Kama ni ya ukuta wa nje, madoa yatapungua hata kama unyevu wa chumba haujashuka, na utampa kifuniko sifa zote.

#46 SatoMpole (mleta mada)
Ya ukuta wa nje. Na niliisogeza sentimita 10 siku hiyohiyo.

#47 RangiMbili
😂😂 Basi ushindi ni wangu.

#48 KambareMbishi
Hapana, rudia. Rafu irudishwe ukutani, vifuniko vibaki, halafu uje.